Kufuli iko kwa mlango, baba watoto ako Kisumu: nianzie wapi?

"Habari wakili. Nakaa Rhonda hapa Nakuru, nyumba ya rumu mbili, 6,500 kwa mwezi. Tumeishi hapo na baba watoto tangu 2019, yeye ndiye alilipa dipositi na jina lake ndilo liko kwa kitabu cha risiti. Hatukuandikisha ndoa lakini alikuja kwetu Butere na wazee 2018 akaleta ng'ombe wawili. Mwezi wa kwanza akaenda Kisumu, alisema ni kazi ya kuweka waya za stima, hajarudi na nasikia ako na mtu Nyamasaria. Januari na Februari nililipa nyumba mwenyewe kwa simu ya keateka. Machi, Aprili na Mei sijaweza. Jumamosi nikitoka soko nikapata kufuli mpya kwa mlango. Ndani kuna cherehani yangu, vitambaa vya wateja na yunifomu ya mtoto. Keateka anasema mwenye ploti alipigiwa simu na baba watoto akaambiwa hatutaki nyumba tena, ati mimi sina haki juu sina jina, na nisipoleta pesa mwisho wa mwezi wanauza cherehani. Baba watoto naye nikimwambia matunzo anasema nikienda korti atachukua kijana. Watoto ni wawili, mmoja miaka sita mwingine mitatu, saa hii tunalala kwa rafiki yangu Kaptembwo. Jirani ananiambia niende korti ya kodi, mwingine anasema chifu, mwingine anasema bila loya wa elfu hamsini nisijisumbue. Niende wapi? Na naeza jisimamia?"

Pole sana dadangu. Nimesoma barua yako mara mbili na kitu cha kwanza nataka ujue ni kwamba hapo hakuna shida moja, kuna tatu zimefungwa kwa leso moja: kuna mlango, kuna vitu viko nyuma ya mlango, na kuna watoto. Kila moja iko na ofisi yake na karatasi zake. Nimeona watu wengi hapa Nakuru wakiamka saa kumi na moja, wanafika kortini na hadithi yote, mume, keateka, ng'ombe, shemeji, wanaambiwa na karani "hii si hapa", wanatoka wakiamini sheria haiwataki, kumbe ni dawati tu limekosewa. Kwa hivyo tuzifungue moja moja. Na swali lako la mwisho nalijibu sasa hivi ili usome ukiwa umetulia: ndio, unaeza jisimamia, kwa mbili kati ya hizo tatu unaeza kabisa, kwa hiyo ya mlango nitakwambia ukweli wake tukifika.

Tuanze na hii maneno ya "huna jina". Keateka anaamini kitabu cha risiti ndicho sheria. Si hivyo. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 57, inasema mwenye mali akiruhusu mtu akae kwa nyumba yeye na watu wake tu akilipa kodi, hata kama hakuna mkataba wa kuandikwa, huo ni upangaji wa kipindi, na kipindi chenyewe kinahesabiwa na vile kodi inalipwa, kwako wewe ni mwezi. Sasa angalia ulichoniandikia wewe mwenyewe bila kujua uzito wake: Januari na Februari ulilipa kwa simu yako, mwenye jina akiwa ameshaenda, na walipokea. Hizo meseji mbili za M-Pesa ndizo jina lako. Piga *334# uombe taarifa yako ya kuanzia mwezi wa kumi na mbili, itumwe kwa imeili, uprinti saiba. Usitegemee meseji kwa simu peke yake manake simu inaibiwa, inaanguka kwa maji, na siku ya kesi ndiyo betri inaisha.

Na kama wewe ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi, kifungu hicho hicho kinasema upande wowote ukitaka kumaliza upangaji utoe notisi isiyopungua kipindi chenyewe, yaani mwezi, na iishe siku ya kulipa kodi. Simu ya baba watoto kwa mwenye ploti haiwezi kuwa notisi yako. Watajaribu kusema yeye ndiye mpangaji na ameshaachilia nyumba, na nakwambia ukweli, hakimu atawasikiza kwa hilo, lakini wewe utawauliza hao wa ploti: kama nyumba iliachiliwa, mbona mlipokea pesa yangu Februari?

Kuna kitu kingine kuhusu hiyo simu aliyopiga. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mke ama mume hawezi kufukuzwa kwa nyumba ya ndoa na mwenzake, ama kwa maagizo ya mwenzake, ndoa ikiwa bado iko, ila kwa amri ya korti. Na nyumba ya ndoa kwa sheria hiyo si ile mmejenga tu, hata ya kukodi inaingia, ilimradi ndipo familia inaishi. Hapa watu wawili watakudanganya. Wa kwanza atakwambia bila cheti wewe si mke kabisa. Wa pili atakwambia miaka yenu pamoja inatosha, umeshakuwa mke moja kwa moja. Wote wamekosea. Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi Januari 2023, kesi ya MNK dhidi ya POM, ikasema kudhaniwa kuna ndoa kwa sababu watu wamekaa pamoja ni jambo la nadra, lina masharti magumu. Lakini wewe huna kukaa pamoja tu, uko na wazee waliofika Butere na ng'ombe wawili, hiyo ni habari ya ndoa ya kimila. Kwa hivyo andika majina ya wazee waliokuwepo siku hiyo, tarehe, na kama kuna picha itafute. Ila usiweke mzigo wote kwa hii hoja. Kodi uliyolipa ndiyo mguu wako wa kwanza, ndoa iwe wa pili.

Sasa deni. Miezi mitatu mara 6,500 ni 19,500, na hilo deni ni la kweli, hakuna korti itakwambia ukae bure. Wapangaji wengi hufikiri kama mwenye ploti amekosea kufunga mlango basi deni limekufa. Halijafa. Yeye anaeza kukushtaki alipwe, anaeza kukupa notisi ya mwezi utoke, na atashinda yote mawili akifuata njia. Asichoweza ni kuwa yeye mwenyewe ndiye korti na polisi na dalali siku moja, Jumamosi, mtu akiwa sokoni. Na dipositi ya 6,500 usiikate mwenyewe kwa hesabu ukasema sasa nadaiwa 13,000, hiyo inategemea mlikubaliana nini wakati wa kuingia. Unaeza kupendekeza ihesabiwe hapo, na wenye ploti wengi hukubali wakiona barua imeandikwa vizuri.

Korti ya kodi ambayo jirani anakwambia iko kweli, ni tribunali ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, lakini inashughulika na nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hicho kiwango kiliwekwa zamani sana na bei za nyumba zimekimbia zikakiacha, kwa hivyo wewe wa 6,500 uko nje. Kuna tribunali ingine ya nyumba za biashara, hiyo ni ya wenye maduka na hoteli, nayo pia si yako. Usipoteze nauli huko.

Chifu naye? Nenda, lakini ujue unaenda kutafuta nini. Chifu anaeza kuita keateka mkae chini, na mara nyingi hiyo inafungua mlango haraka kuliko korti. Anaeza kukuandikia barua inayosema unakaa wapi na watoto wangapi, hiyo itakufaa kwa ofisi ya watoto. Lakini chifu hana nguvu ya kuamuru mwenye ploti, na hana nguvu ya kukata matunzo. Polisi vilevile. Watakwambia hii ni kesi ya madai, na kwa sehemu kubwa wako sawa, ila omba waandike kwa OB, kile kitabu chao cha matukio, kwamba tarehe fulani nyumba ilifungwa na ndani kuna vitu hivi na hivi, upewe namba. Hiyo namba ni ushahidi wa tarehe, ndio kazi yake.

Cherehani sasa, manake hapo ndipo mkate wa watoto uko. Mwenye ploti anaruhusiwa na sheria kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi, hilo watu hukataa kusikia lakini liko, kuna sheria yake, Sura ya 293 ya Sheria za Kenya. Lakini anaifanya kupitia dalali aliye na leseni, si keateka, si vijana wa ploti. Dalali anakuja mchana, anaandika orodha ya vitu, anakuachia karatasi, kuna siku za kulipa kabla kitu chochote kiuzwe. Na nguo za kuvaa pamoja na zana za kazi zina kinga yake kwa sheria hiyo. Vitambaa vya wateja ndio kabisa, hivyo si vyako, ni vya mama fulani anayesubiri rinda lake la harusi. Keateka akiuza cherehani yako bila dalali na bila karatasi, amechukua mali ya mtu.

Na hii watu wengi hawajui, nami ningependa kila fundi na mama mboga wa Rhonda, Manyatta na Lurambi aijue: kuna Mahakama ya Madai Madogo, iko Nakuru, iko Kisumu, iko Kakamega, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Sheria yake ya 2016 inasema haiwezi kushika ugomvi wa nani akae kwa nyumba ama kwa shamba, kwa hivyo ukienda kuomba ufunguliwe mlango watakurudisha. Lakini sheria hiyo hiyo inairuhusu kusikiza madai ya kurudishiwa mali inayohamishika, na madai ya hasara iliyoletwa kwa mali yako, na ya pesa yako ambayo mtu ameshikilia. Unaona? Cherehani inaingia. Vitambaa vinaingia. Dipositi siku utahama inaingia. Kwa hivyo ukijaza fomu, andika kuhusu vitu, usiandike kuhusu nyumba. Andika cherehani ya aina gani, rangi gani, uliinunua lini, pesa ngapi, vitambaa vya nani na nani. Andika pia kazi uliyokosa kila siku mashine ikiwa ndani, lakini weka hesabu unayoeza kuionyesha, usiseme elfu tano kwa siku kama unashona yunifomu mbili.

Hiyo mahakama ilitengenezwa kwa mtu kama wewe. Unajaza fomu kwa Kiswahili ama Kiingereza cha kawaida, hakuna ule ukali wote wa sheria za ushahidi, na kesi inatakiwa kuisha ndani ya siku 60 tangu uifungue. Loya akija upande wa pili usitetemeke. Yeye pia anaongea wakati wake, wewe unaongea wakati wako.

Lakini kabla ya korti yoyote, barua. Tafadhali usiruke hii hatua. Chukua karatasi, andika kwa mkono wako, mfano hivi: "Mimi ni mpangaji wa nyumba namba fulani. Nimelipa kodi ya Januari na Februari kwa M-Pesa, nakala iko hapa. Jumamosi tarehe fulani mlifunga nyumba bila notisi na bila amri ya korti. Ndani kuna vitu vifuatavyo. Najua kuna kodi ya Machi, Aprili na Mei na naomba kulipa elfu tatu kila Ijumaa kuanzia tarehe fulani. Naomba mfungue ndani ya saa 48, mkikataa nitaenda kortini kuomba nifunguliwe, nirudishiwe mali yangu na nilipwe hasara." Weka pesa unayoiweza kweli, si ya kufurahisha mtu. Fanya nakala mbili, moja umpe keateka mbele ya mtu mzima unayemwamini, nyingine asaini kwamba amepokea, akikataa kusaini piga picha ya barua na uitume kwa wozapu ya mwenye ploti. Nimeona milango ikifunguliwa kwa barua kama hii kuliko kwa kelele, juu mwenye ploti anajua mtu anayeandika tarehe na namba ni mtu ataonekana kortini.

Barua ikikosa kufanya kazi, mlango wenyewe unafunguliwa na amri ya hakimu kwa korti ya kawaida, pale Nakuru Law Courts. Hapa ndipo nilisema nitakwambia ukweli. Unahitaji dai, ombi la dharura na hati ya kiapo, vyote pamoja, na maombi ya namna hii yakiandikwa vibaya yanatupwa hata kama uko na haki. Kwa hiyo moja ningependa mtu wa sheria ashike kalamu, hata kama ni kukuandikia tu halafu usimame mwenyewe. Kama chumba kingine cha 4,000 kinapatikana Kaptembwo na vitu vyako vimetoka, fikiria vizuri kama unataka kupigania hicho chumba cha 6,500 miezi minne. Mimi sikwambii uache haki yako. Nakwambia uchague ni ipi inalisha watoto. Wengi wakirudishiwa mashine na vyombo wanahama kwa amani na kesi inaishia hapo.

Watoto sasa. Hapa nataka utoe hofu kabisa.

Katiba, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kulelewa na baba na mama kwa jukumu sawa, wawe wameoana ama hawajaoana. Sheria ya Watoto ya 2022 imesimama hapo hapo. Kwa hivyo yale maswali yote ya cheti, ng'ombe, jina kwa risiti, hapa yamekwisha. Huendi kama mke. Unaenda kwa niaba ya mtoto wa miaka sita na wa miaka mitatu. Kama jina la baba liko kwa cheti cha kuzaliwa ni rahisi zaidi, na kama haliko na akakana, korti inaeza kuamuru kipimo cha DNA, mambo yaishe.

"Nitachukua kijana" ni maneno ya kila siku, nimeyasikia Kondele, nimeyasikia Bungoma, mwanaume akiona barua ya korti hilo ndilo jiwe la kwanza anaokota. Hakimu haangalii nani ana pesa nyingi ama mtoto ni wa kiume ni wa ukoo gani, anaangalia maslahi ya mtoto mwenyewe: nani amekuwa naye, anasoma wapi, analala wapi, nani anajua akiumwa anapewa dawa gani. Wewe umekuwa naye kila siku. Ukiogopa atamchukua kwa nguvu shuleni, hilo liandike kwa maombi yako, uombe amri ya muda watoto wakae na wewe kesi ikiendelea, halafu nakala ya amri upelekee mwalimu mkuu.

Na wewe pia kuna kosa nakuomba usilifanye. Usimnyime baba kuona watoto kwa sababu hajatuma pesa. Najua inauma. Lakini matunzo na kutembelewa ni vitu viwili, vyote ni haki ya mtoto, na siku ya kesi loya wake atasimama na meseji yako ya "hutawaona tena" na hiyo ndiyo itazungumziwa asubuhi nzima badala ya unga. Akiomba kuwaona, jibu kwa maandishi, mpe siku na mahali.

Anza na ofisi ya watoto ya sub-kaunti, huduma yao ni ya bure. Watamwandikia barua aje, ama wampigie huko Kisumu. Akikubali, mnaandika mkataba wa majukumu ya wazazi, nani analipa karo, nani chakula, pesa ngapi, tarehe ngapi. Watu hukosea hapa: wanasaini, wanaenda nyumbani, miezi miwili baadaye anaacha kulipa na ile karatasi haina meno. Huo mkataba upelekwe kortini ukubaliwe uwe amri. Ukiwa amri, asipolipa anaitwa kueleza kwa nini asifungwe, mshahara unaeza kukatwa huko anakofanya kazi, mali inaeza kukamatwa.

Asipokuja ofisini, unafungua kesi Mahakama ya Watoto hapa Nakuru, mahali watoto wanaishi. Hizo kesi hazisikizwi mbele ya umati, kwa hivyo usiogope watu wa ploti kujua mambo yako. Utahitaji vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho, barua ya afisa wa watoto, na karatasi ya matumizi. Siku hizi faili zinaingizwa kwa mtandao, wahudumu wa saiba karibu na korti wanajua njia, lakini akaunti ifunguliwe kwa jina lako na namba yako ya simu na neno la siri ulijue wewe peke yako, juu tarehe za kesi zinatumwa hapo na nimeona mtu akikosa kesi yake kwa sababu ujumbe ulikuwa unaenda kwa kijana wa saiba. Hati ya kiapo inasainiwa mbele ya kamishna wa viapo. Pesa za korti uziulize dirishani, zilipwe kwa njia rasmi, upewe risiti, usimpe mtu yeyote anayekusalimia langoni akisema anajua karani.

Watu huniuliza nitapewa ngapi. Hakuna meza ya bei. Hakimu anaangalia mahitaji ya watoto na uwezo wa wazazi wote wawili, na wewe pia utaulizwa unashona unapata ngapi, usifiche, ule usawa wa Katiba unakushika na wewe. Mume akisema hana kazi haimalizi mambo hapo, manake fundi wa stima hana hati ya mshahara lakini ana simu, na simu ina rekodi.

Kuna mama mmoja nilimwona Kakamega, alikuja na daftari ya kurasa 96 imefungwa na karatasi ya nailoni. Kila siku ya miezi mitano alikuwa ameandika: unga, mafuta ya taa, viatu vya shule, dawa ya kifua, nauli ya kliniki. Peni ya bluu, mahali pengine penseli, ukurasa mmoja umemwagikiwa chai. Loya wa upande ule akamuuliza hizi elfu tisa umezitoa wapi, nani amekwambia mtoto anakula elfu tisa? Hakujibu kwa hasira. Akafungua ukurasa, akasema Mheshimiwa, tuanze na tarehe moja. Akasoma mistari kama kumi hivi, hakimu akamwambia inatosha mama, nipe hiyo daftari. Nimekaa na mawakili wa miaka ishirini ambao hawajawahi kupata ushahidi mzuri hivyo. Dadangu, nunua daftari leo.

Korti inaeza pia kuwapeleka kwa upatanishi, kuna mpatanishi aliyeidhinishwa na korti, na mkikubaliana yanaandikwa kuwa amri. Usikatae kwa hasira. Lakini kama amewahi kukupiga ama unamwogopa, sema hivyo mapema kabla hamjawekwa chumba kimoja, na ujue kuna Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015, inakulinda hata bila cheti cha ndoa, hakimu anaeza kumwamuru asikukaribie. Hukusema chochote kuhusu kupigwa, nauliza tu manake wengi huacha hiyo sentensi nje ya barua. Namba 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, 116 ni ya watoto, zote ni bure kupiga.

Kuhusu loya wa elfu hamsini. Kwa kesi ya watoto na ya madai madogo si lazima uwe na hiyo pesa. Utahitaji mtu wa sheria ana kwa ana kama mlango unabaki umefungwa baada ya barua, kama umepelekewa karatasi za korti na mwenye ploti (hizo usikae nazo, kuna siku chache za kujibu), kama amemchukua mtoto tayari, ama kama kuna shamba ama mali kubwa mlinunua pamoja. Hata hapo kuna njia bila kuuza kitu. Kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, ile NLAS, iliyoundwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, uliza habari zao pale kortini. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu na wamefundisha wanawake wengi kujisimamia wenyewe kortini, wapigie uulize wanavyoeza kukusaidia ukiwa Nakuru. Chama cha wanasheria, LSK, huwa na wiki kila mwaka ambapo mawakili wanakaa kwenye korti wakishauri watu bure. Na sheria zote nilizotaja ziko kwa tovuti ya Kenya Law, kenyalaw.org, bila malipo, unaeza kusoma kwa simu na kuprinti kile kifungu unachohitaji. Ukisimama na kifungu cha 57 mkononi, keateka ataongea na wewe tofauti, mimi nimeona.

Ungekuwa mdogo wangu ningekupangia wiki hivi. Leo jioni rudi kwa ploti na rafiki yako, piga picha ya kufuli na mlango na namba ya nyumba, usivunje chochote hata kama unajua kuvunja ni dakika moja, ukivunja wewe ndiye utakuwa na kesi. Pitia polisi upewe OB. Kesho asubuhi ofisi ya watoto, juu hiyo ndiyo inachukua muda mrefu kuanza na watoto hawangoji. Mchana barua kwa keateka. Saa 48 zikiisha bila jibu, fomu ya Madai Madogo kwa ajili ya cherehani na vitambaa, kabla ya huo mwisho wa mwezi wake. Waambie wateja wako wakuandikie kila mmoja mstari mmoja na saini kwamba kitambaa ni chake. Na yule mdogo kama hana cheti cha kuzaliwa bado, beba kitabu chake cha kliniki, wataanza na hicho.